Anatembea, Mbona Bado Wanampima?

SWALI: Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, aliungua miguu yote miwili alipomwagikiwa na mawese yaliyokuwa yakichemka nyumbani kwetu Kibirizi. Hii ni wiki yake ya tano wodini, na sasa anakwenda msalani mwenyewe. Hata hivyo, kila Jumatatu mtaalamu wa fiziotherapia humpima goti kwa kifaa mfano wa rula mbili zilizoungana, humwinua kitini huku akitazama saa, kisha huandika tarakimu. Tena ametukataza kumwekea mto chini ya goti. Vipimo hivi ni vya nini ikiwa anatembea? – Msomaji, Kigoma.

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kifaa hicho huitwa goniomita, nacho hupima pembe ya kiungo. Goti lililonyooka husomwa nyuzi 0, na goti zima hukunjika hadi nyuzi 135 hivi, ilhali kutembea mahali tambarare huhitaji takribani 60 tu. Ndiyo maana mgonjwa huweza kutembea vizuri wodini, kisha akashindwa kuchutama kwenye choo cha shimo.

Mtazame vizuri mtaalamu: kwanza mama hukunja goti mwenyewe, kisha mtaalamu humkunjia taratibu. Likienda mbali zaidi kwa mkono wa mtaalamu, huenda tatizo ni maumivu au udhaifu wa misuli. Likigota palepale huku ngozi ikikaza na kuwa nyeupe, kovu ndilo linalozuia. Matibabu ya hali hizo mbili hayafanani.

Kipimo cha kiti ni kuinuka, kutembea meta 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Mtu mwenye afya humaliza kwa sekunde 10 hivi, lakini mlinganishe mama na Jumatatu yake iliyopita, na kwa hali ileile: akipimwa mara tu baada ya kubadilishiwa bandeji, au kabla ya dawa ya maumivu, sekunde zitaongezeka bila hali yake kuzorota.

Mto unaonekana kama huruma, lakini kovu la nyuma ya goti hujivuta linapopona, na goti likizoea kukunjwa hukakamaa hivyo hivyo.

Kabla hajaruhusiwa, mwelezeni mtaalamu kuhusu choo chenu na mlima wa kutoka mwaloni, kisha ombeni tarakimu za mwisho ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Kovu huweza kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Goti likianza kushindwa kunyooka, mrudisheni hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.