Ethiopia: majibu kwa mlioniuliza kuhusu saa, mfungo na fisi wa Harar

Tangu niandike kwamba nilikwenda Ethiopia, maswali yamemiminika. Nimechagua yale yanayogusa mambo yaliyonishangaza mwenyewe nilipokuwa huko.

Ni kweli mwaka wao una miezi kumi na mitatu? (Msomaji, Dodoma)

Kweli kabisa. Miezi 12 ina siku 30 kila mmoja, kisha siku zinazobaki zinawekwa kwenye mwezi wa 13 uitwao Pagume, wenye siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya wao, Enkutatash, huangukia Septemba 11, na mara moja katika kila miaka minne Septemba 12. Ni wakati mvua kubwa zinakatika na vilima vinajaa maua ya njano. Kanisa lao lilipiga hesabu tofauti ya mwaka aliozaliwa Yesu, kwa hiyo wako nyuma yetu kwa miaka 7 au 8, kutegemea mwezi. Milenia yao waliisherehekea Septemba 2007. Wala si kalenda ya kanisani tu. Barua za ofisi, vyeti na magazeti ya Kiamhari vyote hutumia tarehe hizo, kwa hiyo ukipewa karatasi yenye tarehe ya ajabu, usidhani imekosewa.

Na saa je? Nasikia zinachanganya. (Msomaji, Mombasa)

Zinamchanganya Mzungu. Wewe hazitakusumbua, kwa sababu Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: jua likishachomoza ni saa moja, mchana katikati ni saa sita, na machweo ni saa kumi na mbili. Nilifurahi mno kufika nchi ya watu ambapo sihitaji kutafsiri saa kichwani. Tahadhari ni moja tu. Tiketi za ndege zimeandikwa kwa saa za kimataifa, na wafanyakazi wa hoteli wakikuona mgeni huenda wakakubadilishia bila kusema. Ukiahidiwa gari saa kumi na moja, uliza palepale: alfajiri ya Kihabeshi, au ile 11 ya asubuhi ya wageni, ambayo kwetu ni saa tano?

Mimi sili nyama kabisa. Nitashinda njaa? (Msomaji, Arusha)

Hapana, na huenda ukala vizuri kuliko sehemu yoyote uliyowahi kwenda. Waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga kila Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ina siku 55. Ukijumlisha na mifungo mingine, siku zinapita 180 kwa mwaka. Siku hizo hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai. Taifa linalofunga nusu ya mwaka limelazimika kuwa fundi wa mboga. Agiza *beyaynetu*: utaletewa sinia lililotandikwa injera, ule mkate laini wenye vitundu juu kama chila, unaotokana na unga wa teff, nafaka ndogo ya kwao, uliochachushwa siku kadhaa. Juu yake kuna vifungu vya adesi nyekundu yenye pilipili ya berbere, uji mzito wa dengu uitwao shiro, sukuma, kabichi na viazi. Unakata injera kwa mkono wa kulia na kuchotea.

Mwenyeji wako akikunja tonge nono na kulipeleka mdomoni mwako kwa mkono wake, fungua mdomo. Hiyo ni *gursha*, na kuikataa ni kumvunjia heshima. Kwa wapenda nyama, siku zisizo za mfungo kuna jambo ambalo mimi sikulitarajia: ng'ombe analiwa mbichi. Bucha nyingi zina meza na viti, mtu anakatiwa pande la nyama, anapewa kisu na pilipili, anakula. Madaktari wanaonya kuhusu minyoo ya tegu, na mimi naungana nao.

Kahawa yao ina nini cha ajabu? Hata sisi tunalima. (Msomaji, Bukoba)

Tunalima, lakini sehemu kubwa tunauza nje. Wao karibu nusu ya mavuno wanakunywa wenyewe, na hilo naliona ni jambo la kujifunza. Zaidi ya hayo, hawaharakishi. Mama aliyevaa gauni jeupe lenye darizi anatandaza majani mabichi sakafuni, anaosha buni, anazikaanga juu ya makaa mbele yako, kisha anazungusha kikaango kwa kila mgeni ili auvute moshi kwa mkono. Buni zinatwangwa, kahawa inachemshwa ndani ya *jebena*, mtungi mweusi wa udongo wenye shingo nyembamba, huku ubani ukifuka na bisi zikipita kwenye bakuli. Inamiminwa kutoka juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, bila kumwagika nje hata tone. Raundi ni tatu: abol, tona na bereka, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia. Ya tatu ndiyo ya baraka, hivyo ukiondoka baada ya ya kwanza umeiacha baraka mezani.

Si nchi ya Wakristo watupu? (Msomaji, Unguja)

Hapana. Sensa ya 2007 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu theluthi moja ya watu wote. Unajua bila shaka kwamba Waislamu wa kwanza walioteswa Makka, kama mwaka 615, walikimbilia Uhabeshi na kupewa hifadhi na mfalme Najashi. Mashariki kuna Harar, mji mkongwe wenye ukuta na vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe atavipenda papo hapo. Usiku, nje ya ukuta, wanaume wanawaita fisi na kuwalisha mapande ya nyama kwenye kijiti. Kwetu fisi anahusishwa na uchawi. Harar wanaamini anafukuza majini, na ukuta una matundu ya kumpitisha aingie kula mabaki.

Wamepiga marufuku magari ya petroli kweli? (Msomaji, Nakuru)

Kuyaingiza nchini, ndiyo. Tangu 2024 gari dogo linaloruhusiwa kuingizwa ni la umeme. Petroli inanunuliwa kwa dola ambazo ni adimu, ilhali umeme wao karibu wote ni wa maji, na bwawa kubwa la Mto Nile wa Buluu lilizinduliwa Septemba 2025.

Ningechagua sehemu moja tu, ingekuwa ipi? (Msomaji, Kisumu)

Lalibela. Makanisa 11, kila moja limechongwa kutoka kwenye mwamba, mafundi wakianzia juu na kushuka chini. La Mtakatifu George lina umbo la msalaba, na unalitazama paa lake ukiwa umesimama kwenye ardhi ya kawaida. Bado watu wanasali humo, na Krismasi yao ya Januari 7 mahujaji wenye shuka nyeupe hujaa hadi kwenye kingo za mwamba. Lakini mji huo uko katika jimbo la Amhara, ambalo limekuwa na mapigano tangu 2023. Usikate tiketi kabla ya kuuliza hali ya usalama kwa ubalozi wako na kwa mwenyeji aliyeko palepale.