Unachora bara lako la kubuni? Anza na upepo, falme zitafuata

Mimi naandika hadithi za fantasia, na bara langu la kwanza, nililiita Ruvamba, nililichora usiku mmoja tu. Nilianza na falme. Mji mkuu hapa, msitu wa wachawi pale, jangwa la majoka kusini, alafu milima nikaiweka katikati kwa sababu ilipendeza ikikaa katikati. Nikaandika sura sita juu ya ramani hiyo. Siku moja nikamsomea rafiki yangu, akaniuliza kitu kimoja tu, huu mto unaopita jangwani maji yake yanatoka wapi? Nikaangalia ramani, mto ulikuwa unaanzia pwani moja, unakata bara zima, unatokea pwani ya pili. Sikuwa na jibu. Na nilivoanza kulitafuta nikaona sura nne kati ya zile sita hazisimami kabisa, manake vita yenyewe watu walikuwa wanagombania maji, na hakukuwa na sababu yoyote ya maji kuwa haba upande mmoja na kujaa upande wa pili.

Kwa hiyo ntakwambia nilichojifunza: kabla hujamweka mfalme yeyote, amua ikweta inapita wapi kwenye bara lako, alafu chora mishale ya upepo. Basi. Hayo mawili yakikaa sawa mengine mengi yanakuja yenyewe.

Iko hivi. Kwenye ikweta jua linapiga sana, hewa inapata joto inapanda, ikifika juu inapoa inamwaga mvua, ndo maana Amazon na Kongo kuna misitu minene. Ile hewa ikishamwaga maji yake inasafiri juu kwa juu kuelekea kaskazini na kusini, inakuja kushuka kwenye kama digrii 30 za latitudo (umbali kutoka ikweta) ikiwa kavu. Sasa chukua ramani ya dunia ufuate mstari wa digrii 20 mpaka 30 kila upande wa ikweta uone yanayokaa hapo: Sahara, jangwa la Arabuni, Kalahari, majangwa ya Australia. Kwa hiyo ukitaka jangwa kubwa unajua pa kuliweka, na ukiliweka kwenye ikweta uwe na sababu nzito, au useme wazi ni uchawi.

Alafu milima. Hapa ndo pana utamu wenyewe na naomba usipaharakishe. Upepo ukitoka baharini na unyevu wake ukigonga mlima unapanda, unapoa, mvua inanyesha upande ule unaotazama upepo, na upande wa nyuma unabaki kukauka. Madagaska inaonyesha vizuri sana, upepo unatoka mashariki, kwa hiyo mashariki kuna misitu ya mvua na kusini magharibi kumekauka, kumejaa mimea ya miiba. Lakini kitu kilichonifungua macho ni milima ya Andes, kule Amerika Kusini. Ni safu moja ndefu, ila kule kaskazini, kwenye ukanda wa tropiki, upepo unatoka mashariki na upande mkavu ni magharibi, ndo jangwa la Atacama lilipo (na mkondo wa bahari wa baridi unaopita pale unalikausha zaidi), alafu ukishuka kusini upepo unageuka unatoka magharibi, na upande mkavu nao unahama unakuwa mashariki, ndo nyika kavu ya Patagonia. Safu ileile ya milima, ukavu unabadilisha upande! Nilipolielewa hilo nilifuta Ruvamba yote nikaanza upya siku hiyohiyo.

Ruvamba ya saivi ikweta inapita kaskazini, ncha ya kusini inafika digrii 38, na milima nimeitoa katikati nikaisogeza pwani ya mashariki. Kwa hiyo mashariki kunanyesha mno, katikati ni nyika, magharibi ni jangwa mpaka baharini, na baharini nimepitisha mkondo wa baridi, kama ule wa Benguela unaopita pembeni ya jangwa la Namib, kusini magharibi mwa Afrika, hivo pwani ina ukungu mzito karibu kila asubuhi ila mvua hamna. Kuna mbawakawa kule Namib wanakunywa maji ya ukungu unaogeuka matone kwenye migongo yao. Wadudu wa kweli kabisa hao, na mimi nilikuwa nahangaika kubuni viumbe vya ajabu.

Usisahau urefu kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 na nusu, ndo maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 ina barafu wakati ikweta iko karibu. Ukiwa na pwani ya joto digrii 28 na uwanda wa juu wa mita 2,000, wale wa juu wanaishi kwenye digrii kama 15, wanavaa tofauti, wanalima tofauti, na jeshi la pwani likipanda kuwavamia linatetemeka usiku.

Mito nitasema kwa kifupi: inashuka, inaungana, haigawanyiki njiani isipokuwa kwenye delta. Mto Casiquiare kule Amerika Kusini unajitenga na mto Orinoco unaenda kuungana na mfumo wa Amazon, lakini ni jambo la nadra sana. Na mto wa jangwani unawezekana kabisa kama una chanzo chenye mvua mbali huko, Nile maji yake yanatoka Ethiopia na kwenye maziwa makuu, ikishapokea mto Atbara haipokei mto mwingine mkubwa hadi Mediterania. Mto wangu ndo nimeufanya hivo.

Sasa rasilimali, na hapa waandishi wengi tunamwaga dhahabu kila mahali. Weka kitu mahali ambapo ardhi ingekiweka. Shaba inapenda milima ya volkano kama kule Chile, dhahabu inasombwa na mito ikitoka milimani, almasi inatafutwa kwenye miamba mikongwe ya moyo wa bara, na chumvi inabaki pale bahari au ziwa lilipokauka. Alafu tenganisha vitu vinavyohitajiana. Bronzi, metali ya kuchanganya, inataka shaba na bati (metali yenyewe, siyo mabati ya kuezekea), na bati ni adimu, kwa hiyo mwenye shaba lazima aongee na mwenye bati hata kama wanachukiana. Chumvi pia usiidharau. Taghaza, mji wa zamani wa machimbo ya chumvi katikati ya Sahara, msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1352 akakuta nyumba zimejengwa kwa vipande vya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, hakuna mti hata mmoja, chakula kinatoka mbali, na watu wanaishi hapo kwa sababu chumvi yao ilikuwa inabadilishwa na dhahabu kusini huko. Mji kama huo huwezi kuubuni ukianza na mfalme.

Wiki hii nachora mji wa bandari kule kwenye ukungu wa magharibi. Una samaki tele, una chumvi, meli zinaingia vizuri, ila maji ya kunywa nimeyapata mbali, kisima kilichopo kiko mwendo wa siku tatu ndani ya jangwa na wenye kisima siyo watu wa mji. Bado sijaandika hata sentensi moja na tayari najua nani ataanza kugombana na nani.