Mradi wa sayansi darasa la nne na wiki nne za likizo: nilivyokosea mwanzo, na tunavyofanya sasa

Mleta mada, umesema mwanao wa darasa la nne amepewa mradi wa sayansi, likizo ni ya wiki nne, na hofu zako ni mbili: mradi usije ukamwaibisha mbele ya wenzake, na asirudi shule amesahau kila kitu. Nami nilianza na hofu hizohizo. Ile ya kwanza ndiyo iliyoniponza.

Mwanangu alipokuwa darasa hilohilo aliambiwa atengeneze mfano wa Jua na sayari zake. Wiki nzima hakugusa kitu. Usiku wa kuamkia siku ya kuupeleka nikaingia kazini mwenyewe: waya, gundi, rangi, mipira ya karatasi, mpaka saa saba usiku. Asubuhi ulipendeza kweli, siwezi kujinyima sifa. Huko darasani mwalimu akamuuliza kwa nini kuna sayari tisa. Mtoto akajibu, "Sijui, aliyetengeneza ni baba." Nilikuwa nimepachika tisa kama nilivyokariri nikiwa mdogo, wakati Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari tangu mwaka 2006. Kitabu chake kiliandika nane, na kilikuwa ndani ya begi muda wote. Angekifungua kwa haja gani, ikiwa baba yupo?

Likizo ilipofika tukaanza upya, safari hii kwa swali lake mwenyewe: "Jua liko mbali kiasi gani hasa?" Nikamwambia tufanye sentimita moja iwe kilomita 100,000, halafu yeye apige hesabu. Kugawanya kwa 100,000 ni kukata sifuri tano, hilo mtoto wa darasa la nne analiweza. Jua, lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, likawa mpira wa sentimita 14. Dunia ikatoka milimita 1.3, yaani punje ya mchanga. Hapo alidhani amekosea, akarudia hesabu mara mbili. Tukatafuta punje, tukaibandika kwenye karatasi nyeusi isipotee, na Mwezi tukauchora kwa ncha ya penseli sentimita 3.8 pembeni yake. Kisha tukatoka nje na utepe wa kupimia. Kutoka kwenye mpira hadi kwenye punje: mita 15. Hadi Mshtarii, ambayo ilikuwa gololi ndogo: mita 78. Neptuni ilitaka mita 450, tukachoka tukaihesabu kwa mdomo.

Baadaye akataka kujua nyota nyingine ingekaa wapi. Iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, kwa kipimo chetu inaangukia kama kilomita 4,000 kutoka pale tuliposimama. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nyota hiyo ingeangukia nchi gani. Tukaenda kwenye ramani, na jiografia ikaingia bila kualikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: usimtafutie mwanao kitu cha kutengeneza, msaidie apate swali ambalo jibu lake halijui. William Heard Kilpatrick, mwalimu wa Marekani aliyeieneza njia ya miradi kwa maandishi yake ya mwaka 1918, alisisitiza hilohilo: kazi yenye lengo, na mtoto aifanye kwa moyo wote. Moyo wa mzazi haumo kwenye hesabu. Mimi siku hizi kazi zangu ni tatu tu: kushika kisu pale panapohitaji kisu, kuuliza "umejuaje?", na kunyamaza. Ya tatu ndiyo ngumu.

Kama mwalimu ameacha mada wazi, maharage hayajawahi kuniangusha. Wengi huyafanya vibaya, lakini: mbegu moja kwenye pamba, imeota, imechorwa, basi. Hapo mtoto hajagundua kitu, kwani alijua tangu mwanzo kwamba itaota. Chukua vikombe vinne, mbegu tatu tatu kila kimoja. Cha kwanza pamba yenye unyevu, dirishani. Cha pili vilevile, ila ndani ya kabati lenye giza. Cha tatu pamba kavu. Cha nne mbegu zizamishwe majini kabisa. Kabla ya kuanza, aandike kwenye daftari anadhani kila kikombe kitafanya nini, na tarehe. Kila kikombe kitofautiane na kile cha kwanza kwa jambo moja tu. Ukibadilisha mawili hutajua lipi limesababisha nini.

Wangu aliandika kwamba za gizani zitakufa. Baada ya siku kadhaa akafungua kabati akakuta ndizo ndefu kuliko zote, nyembamba na za manjano. Alikasirika, akataka kufuta alichoandika. Nikamkataza, akanuna mpaka jioni. Maelezo yake si magumu: mbegu ina akiba yake ya chakula, kwa hiyo haihitaji mwanga ili iote, na chipukizi likiwa gizani linarefuka haraka kuutafuta. Akiba ikiisha kabla halijaupata, linakufa. Zile za majini zilioza zikanuka, kwa sababu mbegu inapoota inahitaji hewa, na mbegu iliyozama haipati ya kutosha. Ukurasa ule wenye ubashiri uliokosewa ndio mwalimu aliokaa nao muda mrefu zaidi. (Mbegu zilizokauka usizitupe. Zitie maji siku ya mwisho, muone kama zinaamka.)

Sasa likizo. Kosa langu la pili lilikuwa ratiba: saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, saa nne imla, imebandikwa ukutani kwa rangi tatu. Ilidumu siku nne. Tunachofanya sasa ni nusu saa asubuhi kabla ya michezo, wala siongezi hata siku anapofurahia, maana nikiongeza leo kesho atajificha. Ile kazi ya likizo waliyopewa na shule tunaigawa siku ya kwanza kabisa: kurasa zote gawanya kwa siku, yeye ndiye anayegawanya. Zamani tulikuwa tunaifanya siku mbili za mwisho huku mtu analia, na mara nyingine mtu huyo alikuwa mimi.

Kuhusu kusahau, usitishike sana. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku nyingi yanashinda yaliyolundikwa siku moja. Kwa jedwali la kuzidisha, maana yake ni maswali matano wakati mnaosha vyombo, kila siku, badala ya saa nzima Jumamosi. Kusoma ndiko kusikokatika hata siku moja: dakika kumi na tano kwa sauti, kitabu anachokichagua yeye hata kama ni cha watoto wadogo kuliko yeye. Tuisheni ya likizo nzima kuanzia asubuhi hadi jioni sijaipenda, ingawa najua kuna wazazi hawana wa kumwachia mtoto, siwalaumu.

Na jambo moja la kudumu, lisilozidi dakika mbili kwa siku: Mwezi. Karatasi moja, miraba 30, kila siku anachora umbo lake na saa aliyouona, na siku ya mawingu anaandika "mawingu". Mzunguko mzima kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo unachukua siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo wiki zenu nne karibu zinautosha. Usimwambie mapema kwamba Mwezi huchomoza kwa kuchelewa, wastani wa dakika 50 kila siku. Wiki ya tatu tangu mwandamo atakuja kulalamika kwamba jioni hauonekani tena. Mwambie autafute asubuhi. Wangu aliuona saa mbili asubuhi, jua linawaka, akakimbia kuniita kana kwamba nyumba inaungua.

Kama likizo yenu inaanza wiki ijayo, toka nje leo jioni uangalie Mwezi uko wapi na una umbo gani, ili ujue mtaanzia mraba upi.