Maswali na majibu: choo kigumu, matunda na bakteria wa utumbo

Je, matunda hulainisha choo kwa sababu ya maji yake tu?

Maji ni sehemu ndogo ya jibu. Nyuzinyuzi za tunda hazimeng'enywi na vimeng'enya vyetu, bali hufika utumbo mpana zikiwa karibu nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi kadhaa, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Bakteria wakishiba huzaliana, na kwa kuwa wao wenyewe ni sehemu kubwa ya uzito wa kinyesi, choo huongezeka na kulainika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walichapisha jaribio la watu 36 wenye choo kigumu: kundi moja lilikula gramu 300 za embe kila siku kwa wiki 4, la pili likapewa nyuzinyuzi za unga kwa kiasi sawa na nyuzinyuzi zilizomo kwenye embe hizo. Wote walipata nafuu, lakini waliokula embe walipata zaidi. Watu 36 ni wachache, kwa hiyo asitokee wa kuuza embe kama dawa.

Juisi ya kuchuja inafaa?

Nimekwisha kulijibu hili mara nyingi. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Ulichokunywa ni sukari na maji. Kula tunda.

Mimi hunywa sanamaki kila Ijumaa ili kusafisha tumbo. Kuna ubaya?

Upo. Tumbo si sufuria la kusuguliwa kila wiki, na kuharisha kwa makusudi hupoteza maji na madini ambayo moyo unayahitaji. Ajabu ni kwamba hata sanamaki hukaa bure mpaka bakteria wa utumbo mpana waigeuze. Unawatumikisha wale ambao hukuwalisha. Anza na papai, pera au chungwa lenye nyama zake, uongeze kidogo kidogo, maana anayeruka kutoka ugali wa sembe hadi sahani nzima ya matunda kwa siku moja atajaa gesi na kuyalaumu matunda.

Mtoto wa miezi 4 apewe papai?

Hapana. Maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Nina miaka 56. Choo kimebadilika tangu miezi 2 iliyopita, kina damu, nami nimekonda. Nile tunda gani?

Hili si swali la matunda. Nenda hospitali wiki hii ukapimwe, wala usisubiri choo kilainike kwanza.