Maiki ya redio ya CB: kabla ya kununua, tazama soketi

Madereva wengi wa kwetu wakianza kuendesha malori Marekani huikuta redio ya CB, ile ya kuongea na madereva walio karibu, kwenye kabini na kuiacha imezimwa. Simu ipo, ramani ipo, makelele ya chaneli 19, ile ya madereva wa malori, ya nini? Subiri Januari ikukute kwenye barabara kuu ya I-80 ndani ya Wyoming, upepo unasukuma theluji barabarani, na anayejua kwamba malori yamegongana huko mbele ni dereva aliyekutangulia maili mbili tu. Tena tangu 2012 sheria ya shirikisho inamkataza dereva wa lori kushika simu mkononi akiwa anaendesha. CB haimo kwenye katazo hilo.

Ukishaizoea, utaanza kuambiwa husikiki vizuri. Mara nyingi shida ni maiki iliyokuja na redio: inachukua sauti yako pamoja na injini, feni na upepo wa dirishani. Ukienda duka la CB kwenye kituo cha malori, usishangae muuzaji akikuvuta moja kwa moja kwenye maiki yenye betri na kikuza sauti. Mimi sikushauri uanze na hiyo. Ndani ya kabini inakuza kila kitu, na dizeli nayo imo. Halafu ukizidisha, sauti inapasuka na kumwagikia chaneli za jirani, ambazo nyingi zimeachana kwa kilohezi 10 tu. Wati haziongezeki hata kidogo. Kisheria redio inarusha wati 4 kwa AM, uwe na maiki ya bei yoyote.

Kwa kabini, chukua maiki ya dainamiki (ya koili na sumaku, isiyohitaji betri) inayokata kelele, mfano RoadKing 56. Maiki za aina hii zina matundu mbele na nyuma. Ngurumo ya kabini inaingia pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa, zinauana. Sauti yako inatoka karibu, kwa hiyo inaingia zaidi kwa mbele na ndiyo inayobaki. Ndiyo maana midomo inapaswa karibu kuigusa, na vidole visizibe matundu ya nyuma. Nimewasikia wenye maiki nzuri kabisa wakilalamika, kumbe wanaishika kiganja kizima nyuma au wanaongea nayo ikiwa kifuani.

Kuna ile Astatic D-104, ya chuma kinachong'aa, ya mezani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1930. Inapendeza, na wazee wa redio wanaisifia. Lakini ile ya asili ni ya kristali, inataka redio yenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, na hizi redio za sasa zimezoea maiki ya ukinzani mdogo, wa omu mia kadhaa. Ukiifunga hivihivi bila kikuza sauti, sauti nzito inapotea na unasikika kama unaongelea ndani ya kopo. Iache nyumbani. Maiki ya elektreti nayo inahitaji umeme kidogo ili ifanye kazi. Kama redio yako haitoi umeme huo kwenye soketi na maiki haina betri, utabonyeza kitufe na kurusha ukimya.

Sasa nyaya, maana hapa ndipo pesa zinapoharibika. Soketi ya pini 4 utaikuta kwenye redio nyingi, lakini kufanana umbo si kufanana nyaya. Kwenye redio ya Cobra 29, pini 1 ni ethi pamoja na ule waya wa matundu unaozunguka waya wa sauti, pini 2 ni sauti, 3 ni kurusha, 4 ni kupokea. Zipo redio zenye soketi hiyohiyo zilizopanga vingine, na za pini 6 ni habari nyingine kabisa. Tafuta mchoro wa modeli yako, si wa kampuni kwa jumla. Rangi za nyaya usiziamini hata maiki ikiwa mpya, kila mtengenezaji ana zake.

Tumia mita ya umeme. Iweke kwenye mlio, ilie nyaya zikiwa zimeungana. Ukiwa hujabonyeza kitufe, waya wa ethi na wa kupokea ziwe zimeungana. Ukibonyeza, muungano huo ukatike, na ethi iungane na waya wa kurusha. Waya wa sauti, kwa maiki ya dainamiki, utaonyesha omu mia kadhaa kwenda ethi. Maiki nyingine huonyesha hivyo pale tu kitufe kinapobonyezwa.

Kabla ya kuwasha pasi ya risasi ya kuchomelea nyaya, pitisha kifuniko cha plagi kwenye kebo, pamoja na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Ukisahau utafumua kila kitu. Kisha chomeka kile kiini chenye pini kwenye soketi ya akiba, si ile ya redio, ili pini zisipinde plastiki ikipata moto. Paka risasi kidogo kwenye kila pini na kila ncha ya waya, ndipo uziunganishe. Mguso mmoja mfupi unatosha. Namba zimeandikwa kwa maandishi madogo sana pembeni ya pini. Zisome, usihesabu kwa kukisia, kwa sababu upande wa kuchomelea mpangilio umegeuka ukilinganisha na uso wa mbele. Mwisho kaza kibanio juu ya ganda la nje la kebo, ili dereva akiivuta maiki asizivute nyaya zenyewe.

Funga antena kwanza ndipo ubonyeze kitufe, la sivyo unaweza kuua transista ya mwisho ya redio. Kama redio imekuwa bubu kabisa, usikimbilie kuifungua: kwenye Cobra 29 na jamaa zake spika inapata ethi kupitia maiki, kwa hiyo tazama pini 4. Inarusha yenyewe bila kubonyezwa? Umebadilishana 3 na 4. Sindano ya mita ya redio inapanda lakini hakuna anayekusikia, hiyo ni pini 2. Kujaribu sauti nenda chaneli tulivu. 9 ni ya dharura na 19 ina watu wako kazini.

Ukisikika na mluzi, hakikisha waya wa matundu umeshika vizuri pini 1. Ukiwa sawa, pima SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio. Ikipita 2, iache maiki na ufuate antena. Malori ya sasa yana plastiki nyingi, na mkono wa kioo cha pembeni ulikofungwa antena mara nyingi haujagusana na bodi ya chuma. Utahitaji kuuvutia waya wake wa ethi.