Kipimo cha kifua kikuu kikitoka hasi: ushauri kwa wataalamu wapya wa maabara

Ndugu mnaoanza kazi ya maabara, yapeni uzito wa pekee makohozi ya mgonjwa aliyewahi kutibiwa kifua kikuu. Matundu yanayobaki mapafuni baada ya kupona huwa maskani ya fangasi wa jamii ya Aspergillus, na mgonjwa hukohoa kwa miezi, hukonda na hutema damu kana kwamba ugonjwa wa awali umerudi. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, ikitoa jibu hasi, wengi hulifunga suala hapo, na mgonjwa huanzishiwa tena dawa za kifua kikuu huku pafu likizidi kuharibika.

Igaweni sampuli kabla ya kuitia sodiamu haidroksaidi. Kemikali hiyo huua bakteria wengine ili wale wa kifua kikuu wapate kuota, lakini huwadhuru fangasi pia, kwa hiyo mkiotesha sehemu iliyokwisha kutiwa kemikali mtaripoti kwamba hakuna fangasi ilhali ni maabara yenyewe iliyowaua. Sehemu isiyotiwa kemikali hiyo iwekeni kwenye slaidi pamoja na potasiamu haidroksaidi, kisha mtazame kwa hadubini kwa utulivu. Nyuzi nyembamba za fangasi zenye vikingamo (kuta ndogo zinazoukata uzi vipande), zinazochipua matawi kwa pembe ya takriban digrii 45, huashiria Aspergillus. Zilizo pana kama utepe na zenye vikingamo vichache huashiria Mucorales, kundi jingine la fangasi, na hapo daktari apigiwe simu papo hapo, kwa kuwa maradhi hayo huenda mbio. Chachu ya Candida kwa kawaida imetoka kinywani tu, hivyo msiihesabu kuwa ugonjwa wa mapafu.

Sahani za kuoteshea fangasi zisitupwe baada ya siku 2 kama za bakteria. Hata zisipootesha kitu, shaka haijaondoka. Kipimo cha damu cha kingamwili za IgG dhidi ya Aspergillus hugundua wagonjwa wengi ambao uoteshaji huwakosa.

Kwa anayeishi na VVU, kumbukeni kwamba Pneumocystis, fangasi anayeleta nimonia, haoti kwenye sahani hizo, bali hutafutwa kwa kupaka slaidi rangi maalumu. Aidha, chembe za kinga za CD4 zikiwa chini ya 100 kwa kila milimita ya ujazo ya damu, pimeni katika damu antijeni (chembechembe za ganda) ya Cryptococcus, fangasi anayeshambulia ubongo: jibu hupatikana kwa dakika 10, na antijeni huweza kuonekana wiki kadhaa kabla ya dalili za homa ya uti wa mgongo. Ikiwa chanya, mjulisheni daktari siku hiyohiyo, ili maji ya uti wa mgongo nayo yapimwe kabla ya kuchagua dawa.