Binti yangu anaisahau hotuba ya Antony

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Binti yangu wa miaka 14 amepewa hotuba ya Antony kwenye maziko ya Kaisari, katika tamthilia ya Shakespeare. Anakariri mpaka usiku, lakini akisimama mbele ya watu maneno yote yanampotea. Nimsaidieje?

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza mpumzishe na hiyo karatasi. Ikateni hotuba vipande, wazo moja kila kipande, mvichanganye, kisha avipange upya sakafuni. Akikosea, muulize: kwa nini Antony aseme hili kabla ya lile? Akishaijua sababu, maneno yatafuata yenyewe.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni huu: nyie wa nyumbani muwe umati wa Roma. Antony anarudia rudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza itikieni kwa kichwa. Kila akirudia, sogeeni hatua moja na mnung'unike zaidi. Atasikia kwa masikio yake sifa ikigeuka shutuma. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekwama kila siku mstari wa nne. Siku tuliyomzunguka hivyo alifika mwisho, kwa sababu alikuwa na watu wa kuwaambia.

Tena, Antony mwenyewe hukatiza hotuba. Anasema moyo wake umo jenezani pamoja na Kaisari, lazima asubiri umrudie. Mwonyeshe hapo: anaruhusiwa kunyamaza, avute pumzi, awatazame watu, ndipo aendelee.